Mkutubi wa Shule ya Msingi na Mafunzo Yake

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mkutubi wa shule ni kushika ufunguo. Huona kabati limejaa vitabu katika ofisi ya mwalimu mkuu, limefungwa kwa kufuli, na mtu mmoja amekabidhiwa ufunguo wake. Basi husema kwamba huyo ndiye mkutubi. (Kwa wenyeji wa Tulia yafaa nieleze kwamba nataja kabati la mbao, wala si soko la Kabati lililo jirani nao.) Kumbe kazi yenyewe huanza pale kufuli inapofunguliwa, nayo ina elimu yake, ambayo mtu hufundishwa, hujaribiwa, na hupewa cheti.

Kijana wa Tulia, au wa Mutonguni, au wa Matinyani, aliyemaliza kidato cha nne, aweza kuvutwa na kazi hii. Aweza pia kuwa na mzazi aliye tayari kuuza ng'ombe ili alipe karo ya chuo. Kabla ng'ombe huyo hajafikishwa mnadani, ni haki yao wote wawili wajue mafunzo hayo ni ya namna gani, hutolewa wapi, na mwisho wake mtu hupata kazi ya nani. Jambo hili la mwisho ndilo ambalo watu husahau kuuliza, na ndilo lenye hasara kubwa.

Tuanze na habari za zamani kidogo, maana zaeleza kwa nini mambo yako kama yalivyo. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa Nairobi mwaka 1931, lakini ilikuwa ya Wazungu peke yao kwa miaka mingi. Mwaka huo huo wa 1931 bwana mmoja wa India, S. R. Ranganathan, alitoa kitabu chake juu ya kanuni tano za kazi ya maktaba, na kanuni ya kwanza yahusu jambo hili hili: ya kwamba kitabu kimewekwa ili kitumiwe. Wakutubi wa dunia nzima hufundishwa kanuni hizo mpaka leo. Msomaji aweza kuona mwenyewe jinsi mambo hayo mawili ya mwaka mmoja yalivyopingana.

Baadaye, mwaka 1948, ilianzishwa East African Literature Bureau, ambayo pamoja na kuchapisha vitabu ilipeleka masanduku ya vitabu kwenye mashule na vituo vya mbali, na kuwaazimisha wasomaji vitabu kwa njia ya posta. Sanduku lilifika, likasomwa, likabadilishwa. Lakini kila sanduku lilihitaji mtu wa kulipokea, kuliandika, kulitunza na kulirudisha, na watu waliofundishwa kazi hiyo walikuwa wachache mno. Aliyetaka elimu kamili ya ukutubi hakuwa na chuo cha kuingia hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1960 Bwana S. W. Hockey aliandika ripoti juu ya kuendeleza maktaba katika Afrika Mashariki, na mwaka 1963 chuo cha ukutubi kikafunguliwa Makerere, Kampala, kwa ajili ya wanafunzi wa nchi zetu zote. Kenya nayo ilitunga sheria ya Huduma ya Maktaba ya Taifa mwaka 1965. Mafunzo ya cheti na diploma yakaja kufundishwa katika Kenya Polytechnic, Nairobi, ambayo tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya; na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kikaanzisha kitivo chake cha elimu ya habari mwaka 1988.

Sasa, mtu hufundishwa nini? Jambo la kwanza ni kukipokea kitabu. Kitabu kikifika shuleni hakiwekwi rafuni moja kwa moja. Hupigwa mhuri wa shule, kisha huandikwa katika daftari la kusajili: nambari yake, tarehe ya kufika, jina la mwandishi, jina la kitabu, kilikotoka, na bei yake kama kilinunuliwa. Nambari hiyo ni ya kitabu kimoja tu, kama jina la mtoto katika daftari la mahudhurio. Shule ikiwa na nakala ishirini za hadithi moja, kila nakala ina nambari yake, na nambari ya nakala iliyopotea haipewi kitabu kingine. Mambo haya ni madogo, lakini mtu asiyefundishwa huyaruka, na baada ya mwaka mmoja hajui shule ilipewa vitabu vingapi wala vingapi vimebaki.

Jambo la pili ni kupanga vitabu kwa aina. Njia inayotumika sana ni ile ya Mmarekani Melvil Dewey, aliyeitoa mwaka 1876. Yeye aliigawanya elimu yote katika mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900, na kila fungu likagawanywa tena na tena. Kilimo ni 630. Ndani ya kilimo, wanyama wa kufugwa ni 636, na mbuzi wana nambari yao, 636.39. Nyuki wako 638. Hadithi za kale zilizosimuliwa na wazee ni 398.2. Uchongaji wa mbao, kazi ambayo Wakamba wamejulikana kwayo duniani, ni 736.4. Historia ya Kenya ni 967.62.

Chukua mfano wa Akamba Stories, kitabu cha John Mbiti kilichotolewa mwaka 1966. Mbiti alikuwa mzaliwa wa Kitui, naye alizaliwa mwaka 1931. Mkutubi aliyefundishwa atakiandikia katika mgongo wake 398.2, na chini yake herufi tatu za kwanza za jina la mwandishi, MBI. Mtoto akija kesho akauliza, "Mwalimu, ziko wapi hadithi kama zile anazosimulia nyanya?" mkutubi hatafuti kabati zima. Anamwonyesha rafu moja, na mtoto anavikuta vitabu vya namna hiyo vimekaa pamoja kama ndugu. Na mtoto ambaye baba yake ana mizinga mitini, akitaka habari za nyuki, huenda 638 yeye mwenyewe bila kumwuliza mtu. Siku hiyo mkutubi amefanya kazi yake vizuri kuliko siku aliyomtafutia.

Hata hivyo mtoto wa darasa la pili hawezi kusoma nambari zenye nukta. Kwa ajili yake hutumika rangi. Kipande cha karatasi chekundu hubandikwa kwenye vitabu vya hadithi, cha kijani kwenye vitabu vya wanyama na mimea, na kadhalika kama shule itakavyochagua. Mkutubi wa shule ya msingi hujifunza njia zote mbili, kisha huzitumia kwa akili. Nimepata kuona maktaba ya watoto wadogo iliyopangwa kwa nambari kamili kama ya chuo kikuu, na hakuna mtoto aliyejua pa kuanzia.

Jambo la tatu ni kuazimisha. Katika chuo wanafunzi huonyeshwa programu za kompyuta, mathalani Koha, iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Ni vema kuzijua. Lakini shule yenye vitabu mia sita na umeme wa kukatika yaweza kufanya kazi yote kwa daftari moja lenye mistari: tarehe, jina la mtoto, darasa, nambari ya kitabu, siku ya kurudisha. Ubora wa daftari hili hauko katika wino wala jalada. Uko katika kuandikwa kila siku bila kukosa.

Hapa twafikia mahali pagumu zaidi katika kazi hii yote, napo hapana budi tupakalie kidogo. Mtoto akipoteza kitabu, itakuwaje? Shule nyingi husema mzazi alipe. Neno hilo ni la haki kwa sura yake, lakini tazama linavyofanya kazi. Mama aliyesikia kwamba jirani yake alidaiwa bei ya kitabu humwambia mtoto wake, "Usilete kitabu cha shule nyumbani." Mtoto hutii. Mwalimu naye, ambaye jina lake limeandikwa kwamba amekabidhiwa vitabu vyote, huogopa kudaiwa wakati wa ukaguzi, basi hufunga kufuli. Hivyo kila mtu amejilinda, na vitabu vimebaki vipya kabisa, vyenye harufu ya kiwandani, mpaka mchwa wavipate. Ukaguzi ukija hakuna kilichopotea, na hakuna aliyesoma.

Mafunzo ya ukutubi hulijibu jambo hili waziwazi. Mwanafunzi hufundishwa kwamba kitabu ni chombo kinachochakaa kwa kutumiwa, kama jembe. Na kwamba kila maktaba inayofanya kazi hupoteza vitabu kadhaa kila mwaka. Kwa hiyo vitabu huhesabiwa mara moja kwa mwaka, vilivyopotea na vilivyochakaa huandikwa katika taarifa, taarifa husomwa mbele ya halmashauri ya shule, na wakubwa wa shule huafiki kwa sahihi kwamba vitabu hivyo vifutwe katika daftari. Mwalimu aliyejua utaratibu huu hana haja ya kuogopa. Asiyeujua hana kinga yoyote ila kufuli. Mimi naona kwamba kama mafunzo yote yangefupishwa yawe ya siku moja tu, siku hiyo ingefaa itumiwe kwa somo hili.

Tena yako mambo ya kutunza vitabu katika nchi kavu kama Kitui. Vumbi la udongo mwekundu huingia kila mahali kabla ya mvua za Oktoba, na mvua zenyewe zikija hupiga madirishani. Rafu haigusi ukuta, maana mchwa hupanda kwa ukuta. Na miguu yake husimamishwa ndani ya makopo yenye oili chafu ya gari. Jalada lililopasuka haliungwi kwa selotepu, kwa sababu baada ya muda hugeuka manjano na kuharibu karatasi. Wala haligandishwi kwa uji wa unga, kwa kuwa mende huupenda. Hushonwa kwa uzi, au hutiwa gundi ya vitabu kidogo tu, kisha kitabu huwekewa jiwe zito juu yake mpaka asubuhi.

Lakini mkutubi wa watoto hutofautiana na mkutubi mwingine yeyote kwa kuwa yeye ni mwalimu wa kusoma. Hufundishwa kusoma hadithi kwa sauti mbele ya watoto, kuonyesha picha, kunyamaza mahali panapostahili, na kuacha hadithi katikati ili watoto wakitafute kitabu wenyewe. Hufundishwa kumtambua mtoto anayeshika kitabu kikubwa kwa aibu tu, hali hawezi kukisoma, na kumpa kingine kinachomfaa bila kumwabisha. Hujifunza pia kuchagua. Shehena ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo yaweza kuwa na vitabu vizuri sana, na yaweza pia kuwa na habari za theluji na treni za chini ya ardhi ambazo mtoto wa Tulia hana pa kuzishikia. Mkutubi hapokei kila kitu kwa sababu ni cha bure. Na kwa watoto wa madarasa ya kwanza hutafuta vitabu vya Kikamba, ambavyo ni vichache, na vya Kiswahili, kwa maana mtoto hujua kusoma upesi zaidi katika lugha anayoielewa.

Sasa tufike kwenye njia za kupata mafunzo hayo, na kazi.

Neno la kwanza ni hili, nalo ni la kweli hata kama si tamu: Tume ya Kuwaajiri Walimu huajiri walimu, haiajiri wakutubi. Katika shule za msingi za serikali, maktaba huwa chini ya mwalimu aliyepewa kazi hiyo pamoja na masomo yake mengine. Mtu asiye mwalimu akiajiriwa, huajiriwa na halmashauri ya shule kwa fedha zake yenyewe, na shule za msingi zenye uwezo huo si nyingi. Kijana akisoma ukutubi peke yake huku akitumaini kupata nafasi katika shule ya msingi iliyo karibu na kwao, yuko katika hatari ya kukaa nyumbani na cheti chake.

Kwa hiyo anayependa kweli kufanya kazi hii kati ya watoto wadogo, njia yake iliyo imara ni kuwa mwalimu kwanza. Kwa mpango ulioanza mwaka 2021, ualimu wa shule ya msingi husomewa diploma kwa muda wa miaka mitatu katika vyuo vya ualimu, kama vile kile cha Machakos, na mpango ulipoanza mwombaji alitakiwa kuwa na wastani wa C katika mtihani wa KCSE. Baada ya hapo, akiwa shuleni, huomba apewe maktaba, na elimu ya ukutubi huiongeza juu ya ualimu wake. Wakubwa wa shule mara nyingi hufurahi kupata mtu anayeiomba kazi ambayo wengine huikimbia!

Njia ya pili ni ya ukutubi wenyewe. Baraza la Mitihani la Kenya limekuwa likitahini cheti na diploma za ukutubi, uhifadhi wa nyaraka na elimu ya habari. Kwa kawaida cheti huhitaji alama ya D. Diploma huhitaji C ya kutoa, na shahada ya chuo kikuu C ya kujumlisha. Ndani ya mafunzo hayo mwanafunzi hupelekwa kwa miezi kadhaa katika maktaba au ofisi ya nyaraka ili ajifunze kwa mikono. Mwenye cheti hiki asijifunge kwa shule za msingi. Shule za sekondari, shule za watu binafsi, vyuo, maktaba za kaunti na ofisi zinazotunza mafaili, zote humhitaji mtu wa elimu hii. Na kule kwenye mafaili ndiko wengi walikopata mshahara wao.

Njia ya tatu ni fupi, nayo ni ya mwalimu aliye kazini tayari. Mwaka 2016 shirika la Book Aid International, likishirikiana na maktaba za umma, lilianza katika Kenya mpango wa kupeleka masanduku ya vitabu katika shule za msingi, ambapo mkutubi wa maktaba ya umma ya jirani huwafundisha walimu namna ya kuyatumia. Wazee waliokumbuka masanduku ya miaka ya 1950 hawakushangaa. Hata pasipo mpango wowote, mwalimu aweza kuomba ruhusa akaenda wakati wa likizo katika maktaba ya umma, kama ile ya Mwingi, au ile ya Kithasyu kwa watu wa Makueni, akakaa karibu na wakutubi, akatazama wanavyosajili, wanavyopanga na wanavyohesabu. Katiba ya mwaka 2010 iliweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, kwa hiyo barua ya kuomba ruhusa hiyo hupelekwa kwa wakubwa wa kaunti wanaosimamia maktaba.

Jambo moja zaidi kwa wazazi walio katika halmashauri za shule. Tangu Januari 2023, madarasa ya sekondari ya chini yamekaa katika viwanja vya shule za msingi, na vyumba vimekuwa haba. Pengine chumba kilichotengwa kwa maktaba kimegeuzwa darasa. Basi msimkatishe tamaa mwalimu aliyejifunza kazi hii kwa kumwambia angoje jengo. Masanduku matatu ya mbao yenye vifuniko, yanayoweza kubebwa na watoto wawili kutoka darasa hadi darasa, yatosha kuanza. Mwalimu atayafungua chini ya mwembe saa ya mchana, na daftari lake litakuwa juu ya goti.

Naye kijana anayetaka kujiunga na chuo, asiondoke nyumbani kabla hajauliza mambo haya mdomo kwa mdomo. Je, chuo hiki kimesajiliwa na serikali, na cheti chake hutolewa na nani? Karo yote mpaka siku ya mwisho ni kiasi gani, pamoja na ada ya mtihani na gharama za miezi ya kujifunza kazini? Chuo humtafutia mwanafunzi mahali pa kujifunzia, au hujitafutia mwenyewe? Na waliomaliza mwaka uliopita, sasa wanafanya kazi wapi? Mkuu wa chuo akijibu swali hili la mwisho kwa kutaja mahali hasa, mzazi aandike majina ya mahali hapo katika karatasi, na siku atakayopita huko aingie aulize.